Unyevu wa juu ndio huamua iwapo mawingu ya Nairobi yataungana kuwa dhoruba

MAWINGU yanayojikusanya juu ya milima ya Ngong na miinuko ya Kikuyu alasiri za mwezi wa Aprili yana desturi ya kuwachanganya wakazi wa Nairobi. Leo yanapaa, yanageuka meusi, kisha yanasambaratika bila kumwaga hata tone. Kesho yake, saa ile ile, mawingu kama hayo yanaungana na kuwa ukuta mmoja kutoka Karen hadi Kangemi, na ifikapo jioni magari yamekwama katika barabara ya Ngong na maji yameingia katika nyumba za mabati kule Mukuru.

Mtu aliye chini haoni tofauti kati ya siku hizo mbili. Jua lilikuwa kali siku zote mbili na upepo ulivuma kutoka mashariki kama kawaida. Tofauti iko juu, kilomita mbili hadi tano kutoka paa la nyumba yake, nayo ni kiasi cha mvuke wa maji uliomo katika tabaka hilo la hewa.

Suala hili limewashughulisha wataalamu wa hali ya anga katika nchi za tropiki kwa miongo kadhaa. Je, unyevu wa hewa huathiri vipi namna mawingu ya dhoruba yanavyojipanga? Na mawingu hayo yakishajipanga, yanaufanya nini unyevu huo? Maswali hayo mawili yanafanana, lakini majibu yake yanakwenda kinyume.

PUTO LA DAGORETTI

Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya barabara ya Ngong, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hurushwa puto lililojazwa gesi nyepesi, likiwa limening'iniza kijisanduku chenye vipima joto, unyevu na shinikizo la hewa. Kadiri puto linavyopaa, kijisanduku hicho hutuma vipimo chini kwa mawimbi ya redio, hadi puto linapopasuka likiwa kilomita 30 hivi kutoka ardhini.

Kanuni ya kimataifa ni kupima hewa kwa njia hii mara mbili kila siku, kwa wakati mmoja duniani kote. Kwa saa zetu, hiyo ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Ni kazi yenye gharama, kwa kuwa kijisanduku kikisharushwa kwa kawaida hakirudi, na vituo vingi barani Afrika hushindwa kuitimiza kanuni hiyo kila siku. Dagoretti ni miongoni mwa vituo vichache katika Afrika Mashariki vyenye kumbukumbu ndefu ya vipimo vya namna hii. Tangu mwaka wa 1996, baadhi ya maputo hayo yamekuwa yakibeba pia kifaa cha kupima ozoni, katika mradi wa ushirikiano na Uswisi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini fedha zote hizo zitumike ilhali kipima unyevu kinaweza kutundikwa ukutani. Jibu ni kwamba kipimo cha ukutani kinaweza kupotosha, nasi waandishi wa habari tumechangia upotoshaji huo kwa kutaja asilimia ya unyevu bila kueleza ni asilimia ya nini.

Asilimia hiyo hulinganisha mvuke uliomo hewani na mvuke ambao hewa ingeweza kubeba kwa joto la wakati huo. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Tuchukue asubuhi ya Nairobi yenye nyuzi 12 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 90: kila mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 9.6 hivi za mvuke. Alasiri, joto likifika nyuzi 26 na unyevu ukiteremka hadi asilimia 40, gramu zilizomo ni 9.8 hivi. Kipimo cha ukutani kimeshuka kwa zaidi ya nusu, lakini maji yaliyomo hewani ni yale yale.

La pili, na zito zaidi, ni kwamba kipimo cha chini hakisemi lolote kuhusu kina cha unyevu huo. Julai ndiyo mfano bora. Mwezi huo Nairobi hugubikwa na mawingu ya kijivu, watu wa Uthiru na Limuru huvaa makoti mchana kutwa, na manyunyu huanguka asubuhi. Hewa ya chini, inayoletwa na pepo za kusi kutoka baharini, ni baridi na imejaa unyevu. Hata hivyo, ni nadra kusikia radi. Juu ya tabaka hilo jembamba kuna hewa kavu na yenye joto zaidi, iliyokaa kama kifuniko cha sufuria. Mawingu hutanda chini ya kifuniko hicho lakini hayawezi kukipenya.

Februari hali hugeuka. Jua huwaka, ardhi hupata moto, na ifikapo saa nane mawingu meupe kama pamba hupanda juu ya Kilimani na Lavington kana kwamba mvua i karibu. Baada ya nusu saa hayapo tena. Nguvu ya kupanda yalikuwa nayo, yaliuawa njiani.

WINGU SI CHUPA ILIYOFUNGWA

Ili kuelewa kifo hicho, tufuate safari ya wingu moja. Hewa iliyopata joto juu ya ardhi hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa iliyoizunguka. Ikipanda hupoa, na ikishapoa vya kutosha mvuke wake huanza kugeuka matone. Mgeuko huo hutoa joto lililokuwa limefichika ndani ya mvuke, na joto hilo si haba: kilo moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa nishati inayotosha kuchemsha karibu lita saba na nusu za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Joto hilo ndilo linaloisukuma hewa izidi kupanda, na wingu hukua kuwa mnara ambao katika nchi za tropiki unaweza kufika kilomita 15 juu ya usawa wa bahari.

Lakini mnara huo hauna kuta. Kila upande hewa ya nje huingia na kuchanganyika na hewa ya wingu. Ikiwa hewa hiyo ya nje ni kavu, matone hukauka na kurudi kuwa mvuke, na ukaukaji huo hunyonya joto, kama jasho linavyoupoza mwili. Hewa ya wingu hupoa, inakuwa nzito na kuanza kuzama. Wingu dogo, ambalo sehemu yake kubwa iko karibu na ukingo, hufa kwanza. Kubwa lina kiini kilicho mbali na hewa kavu, hivyo hustahimili.

Ikiwa hewa ya nje ina unyevu, kuchanganyika huko hakuna madhara makubwa. Wingu hupanda hadi juu kabisa likiwa na nguvu zake.

Wingu linalokufa, hata hivyo, halipotei bure. Mvuke wake hubaki pale lilipofia, na wingu litakalofuata hukuta njia yenye unyevu kidogo zaidi. La tatu hukuta njia bora kuliko la pili. Ndiyo sababu mwanzoni mwa msimu wa masika kunaweza kuwa na siku kadhaa za mawingu yasiyo na mvua kabla ya dhoruba ya kwanza, na mkulima wa Kikuyu anayesema kwamba anga inajiandaa yuko karibu na ukweli wa sayansi.

Mwaka wa 2004, Christopher Bretherton, Matthew Peters na Larissa Back wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walichapisha matokeo ya vipimo vya setilaiti juu ya bahari za tropiki. Waligundua kwamba mvua haiongezeki sambamba na unyevu. Hewa, kuanzia chini hadi juu, ikiwa na nusu tu ya mvuke inaoweza kubeba, mvua ni haba. Ikipita robo tatu hivi, mvua huongezeka kwa kasi kubwa, kiasi kwamba nyongeza ndogo ya unyevu huleta tofauti kubwa ardhini. Vipimo hivyo vilihusu bahari, na nchi kavu ina milima na joto la mchana vinavyoweza kuisukuma hewa mapema. Lakini kanuni yenyewe ndiyo inayofanya siku mbili za Aprili zinazofanana machoni zitofautiane kabisa kwa mvua.

UPEPO WENYE HARUFU YA UDONGO

Kufikia hapa tumezungumzia wingu moja moja. Dhoruba inayofunga barabara ni jeshi la mawingu, na jeshi huhitaji mpangilio.

Kila mkazi wa Nairobi anaujua upepo wa baridi unaotangulia mvua, ule unaopeperusha vumbi na karatasi na kuleta harufu ya udongo uliolowa. Upepo huo ni hewa iliyoporomoka kutoka kwenye wingu. Mvua inapoanguka katika hewa ambayo haijashiba unyevu, baadhi ya matone hukauka njiani, hewa hupoa na kushuka kwa kishindo. Ikifika ardhini haina pa kwenda ila pembeni, hivyo huenea kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Popote inapopita huipenya hewa ya joto kwa chini na kuiinua. Hewa hiyo iliyoinuliwa huzaa wingu jipya.

Pale pepo mbili za namna hiyo zinapokutana, au mmoja unapogonga mteremko kama ule unaopanda kutoka Dagoretti kuelekea Kikuyu, mnyanyuko huwa mkubwa zaidi. Mawingu mapya huzaliwa kando ya yale ya zamani, na dhoruba huendelea kuishi hata baada ya wingu la kwanza kufa. Ikiwa upepo wa juu unavuma kwa kasi au mwelekeo tofauti na ule wa chini, mvua huanguka mbali na hewa inayopanda, wingu halijizimi, na mawingu yanaweza kujipanga kwa mstari unaosafiri kwa saa nyingi.

Hapa hewa kavu, ambayo tumeiona ikiua mawingu madogo, hugeuka kuwa msaidizi. Wingu kubwa likiweza kuipenya, ukavu huo huongeza ukaukaji wa matone, hewa inayoporomoka inakuwa na nguvu zaidi, na upepo wa mbele ya dhoruba unakuwa mkali. Kwa hiyo aina ya dhoruba hutegemea mahali unyevu ulipo. Chini kukiwa na unyevu na katikati kukavu, mji hupata dhoruba fupi yenye upepo wa kuangusha miti, radi na pengine mvua ya mawe. Unyevu ukiwa umejaa kutoka chini hadi juu, upepo ni mdogo, radi chache, lakini mvua huenea na kudumu saa nyingi. Ya kwanza hutisha zaidi. Kwa maoni yangu, ya pili ndiyo ya kuogopwa na anayeishi karibu na mto.

Mvua ya mawe, kwa kuwa imetajwa, huwashangaza wageni wanaodhani Ikweta ni joto tupu. Juu ya Kenya, kiwango ambacho maji huganda kiko karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, na nyanda zetu za juu tayari ziko nusu ya njia au karibu na hapo. Barafu inayoanguka haina muda mrefu wa kuyeyuka. Mnamo Septemba 2008, wakazi wa Busara karibu na Nyahururu waliamka wakaona mlima mzima umefunikwa weupe na wengine wakadhani ni theluji. Wataalamu walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyogandana.

JESHI LINAPOKAUSHA JIRANI

Sasa tugeukie swali la pili. Mwaka wa 1993, Isaac Held na wenzake nchini Marekani waliripoti jambo la ajabu katika kompyuta. Walikuwa wakiiga anga la tropiki lisilo na milima wala nchi kavu, na badala ya mawingu ya mvua kutawanyika kila mahali, yalijikusanya sehemu moja. Mwaka wa 2005, Bretherton tuliyemtaja, pamoja na Peter Blossey na Marat Khairoutdinov, waliliiga jambo hilo kwa upana zaidi. Mawingu yaliyoanza yakiwa yametapakaa yaliungana baada ya wiki kadhaa kuwa kundi moja, na sehemu yote iliyobaki ikawa kavu.

Kisa chake ni rahisi kukifuata. Hewa inayopanda ndani ya mawingu lazima ishuke mahali pengine. Inaposhuka hupata joto na kukauka. Eneo lililokauka haliwezi tena kukuza mawingu, hivyo mawingu mapya huzaliwa pale tu palipo na unyevu, yaani karibu na mawingu ya zamani. Penye unyevu huongezewa na pakavu huzidi kukauka.

Je, anga halisi hufanya hivyo? Isabelle Tobin, Sandrine Bony na Rémy Roca wa Ufaransa walichunguza picha za setilaiti na mwaka wa 2012 wakaripoti kwamba, kwa kiasi kile kile cha mvua, mawingu yakiwa yamekusanyika katika makundi machache, hewa inayoyazunguka huwa kavu zaidi kuliko yanapokuwa yametawanyika. Aidha, joto jingi zaidi la dunia hupotelea angani kupitia hewa hiyo kavu isiyo na mawingu.

Nchini Kenya pana milima, maziwa na Bonde la Ufa, na mambo hayawi safi kama kwenye kompyuta. Lakini Wakenya wameona sura kubwa ya jambo hili. Mnamo Machi 2019, kimbunga Idai kilikuwa katika Mlango-Bahari wa Msumbiji, kikaupiga mji wa Beira usiku wa Machi 14. Kundi hilo kubwa la mawingu lilivuta unyevu upande wake, na huku kwetu masika yalichelewa, mashamba yakabaki makavu.

Mwaka mmoja kabla yake mambo yalikuwa kinyume. Mnamo Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa mashariki ya Madagascar. Mahali vilipokuwa palisababisha upepo juu ya Kenya uvume kutoka magharibi badala ya mashariki, ukileta hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo, na nchi ikapata mvua kubwa. Watafiti wakiongozwa na Declan Finney wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walionyesha mwaka wa 2020 kwamba siku za upepo wa magharibi katika Afrika Mashariki huwa na mvua nyingi kuliko siku za upepo wa mashariki. Hili huwashangaza wengi, kwani tumezoea kufikiri kwamba mvua yetu yote hutoka Bahari ya Hindi.

Kwa hivyo kusikia kwamba kuna kimbunga baharini hakutoshi kumwambia mtu wa Dagoretti abebe mwavuli au auache. Swali ni kimbunga kiko upande gani wa Madagascar.

MAJI HUTEREMKA MASHARIKI

Kwa nini msomaji wa Nairobi ajali mambo haya? Sababu iko katika ramani ya mji. Upande wa magharibi umeinuka na hupata mvua nyingi kuliko upande wa Embakasi. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita vitongoji vya magharibi kabla ya kuufikia mzunguko wa Globe na soko la Gikomba. Mto Motoine hutoka upande wa msitu wa Dagoretti, ukaingia Bwawa la Nairobi kando ya Kibera, na kutoka hapo maji hayo huitwa Mto Ngong na kupita katikati ya mitaa ya Mukuru.

Maana yake ni kwamba dhoruba ikijipanga juu ya Kikuyu na Karen, anayefurika anaweza kuwa mtu ambaye kwake hakujanyesha. Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, mito ya jiji ilivunja kingo, na wakazi wa Mathare walipanda juu ya mapaa kujiokoa. Siku tano baadaye, alfajiri ya Aprili 29, maji yaliyozuiliwa yalibomoa kizuizi na kushuka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yakaua zaidi ya watu 45. Kote nchini, mafuriko ya msimu huo yaliua zaidi ya watu 200.

Anga ikizidi kupata joto, hatari hii huongezeka. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na dhoruba iliyojipanga vizuri huukusanya mvuke huo kutoka eneo pana na kuumwaga mahali padogo. Mabati, lami na saruji, ambavyo vimechukua nafasi ya mashamba ya Kangemi na Kawangware, haviyanywi maji hayo.

Watabiri wa Dagoretti huanza na vipimo vya puto: unyevu umefika kina gani, je, kuna kifuniko, upepo wa juu unavuma kutoka wapi. Vipimo hivyo huonyesha kama siku hiyo inaweza kuzaa dhoruba. Baada ya hapo hutazama picha za setilaiti ya Meteosat, iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, ambayo hupiga picha mpya kila baada ya dakika chache. Moja ya picha hizo hupigwa kwa miale inayouona mvuke wenyewe hata pasipo na wingu, na juu yake sehemu kavu huonekana kama mito myeusi ikipita kati ya weupe.

Wanachoweza kusema asubuhi, kwa uhakika wa kadiri, ni kwamba leo mawingu yakipanda hayatafia njiani. Yatakapokusanyikia, iwe ni Ngong, Kabete au Ruiru, hutegemea upepo wa baridi wa wingu la kwanza utakavyoenea, na wingu hilo halijazaliwa bado. Likishazaliwa, muda uliobaki kabla ya maji kutoka Kikuyu kufika Gikomba na Mukuru ni saa chache tu, na mara nyingi ni saa za usiku.